Anti, huyu rafiki niliyempata kwenye simu ni rafiki kweli?

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, marafiki tunaowapata mtandaoni, kwa hiyo nimechukua nne nizijibu pamoja. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana imenigusa mno.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa miaka 29, niko Morogoro. Mwanangu wa kwanza ana ugonjwa wa damu wa selimundu, sasa ana miaka 7. Mwaka 2021 mama mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi kliniki aliniunga kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wenye watoto kama wetu, humo ndo nikakutana na mama wa Mombasa, mwanae na wangu wamepishana miezi minne tu. Tulianza kuulizana mambo ya dawa, mara tukahamia inboksi, na sasa ni zaidi ya miaka 3 hatulali bila kuongea, nusu saa hivi, watoto wakishalala. Mwaka jana mtoto alipata homa saa nane usiku nikataka nisubiri kupambazuke, yeye ndo alinipigia kelele kwenye simu, we amka beba mtoto, homa kwa hawa watoto haingoji asubuhi, akakaa hewani na mimi mpaka nikafika mapokezi. Anti sijawahi kumuona uso kwa uso. Mume wangu hana neno ila dada yangu na mashoga zangu wa hapa mtaani wananisema, eti nina rafiki wa hewani, eti siku nikifiwa huyo wa Mombasa atakuja kunioshea vyombo? Sasa amenialika Desemba niende kwao, nauli ninayo, lakini naogopa. Naogopa nikute siye yule ninayemjua, ama yeye aone mimi siye yule. Hivi urafiki wa kweli unaweza kuota kwenye simu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza, kuuguza mtoto wa selimundu sio kazi ya msimu ni kazi ya kila siku na wewe unaifanya.

Nikujibu moja kwa moja kabla sijaanza kuzunguka: ndio, unaweza, na wako umeshaota. Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Hao wanaokuambia rafiki wa hewani wamesahau kwamba sisi watu wa huku tumekuwa na marafiki wa hewani toka zamani. Muulize mama yako kuhusu kadi za salamu za Redio Tanzania. Mtu yuko kijijini Singida anajaza kadi anamsalimia mtu wa Songea ambaye hajawahi kumtia machoni, anamjua kwa jina tu alivyolisikia redioni, naye wa Songea wiki inayofuata anarudisha salamu, na wanasalamu hao hao wakaja kuunda vyama vyao, wakawa wanachangiana harusi na wanakwenda kuzikana. Na magazeti yalikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu, picha ndogo ya pasipoti, jina, umri, S.L.P., na anachopendelea, kusikiliza redio, kubadilishana mawazo, kwenda kanisani, kwenda msikitini.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kurasa hizo. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka 1994, nikamwandikia msichana wa Tanga kwa sababu tu alisema anapenda kushona vitambaa na mimi nilikuwa nashona vitambaa. Barua ilikuwa inachukua wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi, yani ukimwambia una homa jibu la pole linakukuta umeshapona umesahau. Tuliandikiana miaka sita. Nilimwambia vitu ambavyo sikumwambia dada yangu tuliyekuwa tunalala kitanda kimoja, na sijui kama ningeweza kumwambia kama angekuwa ananitazama, maana kuna maneno yanataka kificho kidogo ndo yatoke.

Mwaka 2000 mama yangu akafariki. Nilituma taarifa Tanga kwa simu ya ofisi ya mjomba wake, sikujua hata kama imemfikia. Siku ya pili ya msiba nyumba imejaa watu, mimi sioni huyu ni nani na huyu ni nani, jioni nikapewa daftari la rambirambi niangalie waliochangia. Katikati ya ukurasa nikaona mwandiko. Mwandiko ule nilikuwa naujua kuliko naujua mwandiko wangu, ile h yake yenye mkia mrefu. Nikauliza huyu aliyeandika hapa yuko wapi, nikaambiwa yuko nyuma kwenye masufuria toka asubuhi, anasaidia kupika. Nikaenda nyuma, dada mmoja amejifunga khanga anamenya viazi, mikono imejaa maji na maganda, akainua uso. Hatukuambiana jina.

Kwa hiyo dada yako akisema huyo wa Mombasa hatakuja kuosha vyombo, mwambie kuna mwanamke mmoja alitoka Tanga na basi kuja kumenya viazi kwenye msiba wa mtu aliyekuwa hajawahi kumuona.

Lakini tusiishie kwenye hadithi yangu maana hadithi moja haijengi nyumba. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, anaitwa Jeffrey Hall, utafiti wake ulitoka mwaka 2018, aliwaangalia watu waliohamia mji mpya na wanafunzi walioanza chuo, akataka kujua inachukua masaa mangapi mtu kuwa rafiki. Akapata kama masaa 50 kutoka kujuana mpaka kuwa rafiki wa juu juu, kama 90 mpaka kuwa rafiki, na zaidi ya 200 mpaka kuwa rafiki wa karibu kabisa. Na akaona masaa ya kukaa pamoja kazini kwa sababu mmepangiwa hayana uzito kama masaa ya kutaniana na kuulizana habari na kuongea ya moyoni. Sasa chukua kalamu. Nusu saa kila usiku kwa miaka mitatu ni zaidi ya masaa 540. Hao wa Marekani walikuwa wanaonana ana kwa ana kwa sehemu kubwa kwa hiyo usiifanye ndo mizani ya dukani, ila nataka uone kwamba ulichoweka pale ni kikubwa, na umekiweka bila kupangiwa na mtu, usiku, umechoka, wakati ungeweza kulala.

Kuna lakini moja na sitaki nikufiche. Maandishi yana tabia ya kumpamba mtu. Mwaka 1996 msomi mmoja Joseph Walther aliandika juu ya jambo hili, kwamba watu wakiwasiliana kwa kuandikiana anayeandika anachagua cha kuonyesha, anasoma tena anafuta anarekebisha, na anayesoma pale asipopaona anapajaza mwenyewe, na mara nyingi anapajaza kwa wema, ndo maana unaweza ukampenda mtu wa kwenye simu kuliko unavyompenda yeyote nyumbani. Hujawahi kusikia harufu ya hasira yake. Hujamuona akigombana na muuza nyanya. Hicho ndo unachokiogopa wewe, na unaogopa kitu cha kweli. Dawa yake ni kumpa mwenzio nafasi ya kukuona hujajipamba na yeye akupe hivyo hivyo, pigianeni vidio kolu bila kujiandaa, nywele zimesimama, mtoto analia, mume kaingia anauliza chakula kiko wapi. Umesema mmeshapitia usiku wa homa pamoja, basi pale hukuwa na muda wa kujipamba, yeye alikusikia ukiwa umechanganyikiwa kabisa na hakukata simu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na ni kweli kwa fimbo, lakini usiku ule nyoka aliuawa na sauti iliyotoka Mombasa.

Nenda mwanangu. Pita Tanga, vuka Horohoro uingie Lunga Lunga, angalia karatasi zako za kuvukia mpaka mapema usingoje wiki ya mwisho. Nenda na mume wako au dada yako kama inawezekana, mara ya kwanza usiende peke yako, hata kwa mtu unayemwamini, na waachie wa nyumbani namba yake na ya mumewe. Siku ya kwanza mtakuwa na aibu. Huyo anayekaa mbele yako atakuwa mnene au mfupi kuliko ulivyodhani na kicheko chake kitakuwa kikubwa kuliko kilivyo kwenye voisi noti, na mtatafuta maneno, nyie mliokuwa hamkosi maneno. Vumilia, ikifika usiku saa zenu zile za kuongea, watoto wakilala, kaeni jikoni uone.

Na hao mashoga wa mtaani usiwape mgongo. Hapo wana haki kidogo. Siku nyingine unahitaji mtu wa kukushikia mtoto dakika kumi uchukue maji, na hilo Mombasa haiwezi. Huyo wa mbali ana kazi yake na hawa wa jirani wana yao.

SWALI: Anti mambo. Mimi ni kaka wa miaka 41 niko Kahama nina duka la vipuri. Nimepata rafiki Facebook, mwanamke, anasema ni daktari yuko Uingereza, tumechati miezi miwili, ni mtu mwelewa sana, mimi ni mgane na yeye anasema ni mjane. Amenitumia mzigo una laptopu na saa, ila umeshikwa uwanja wa ndege na wakala ananipigia nilipie 850,000 leo leo la sivyo nitashtakiwa. Nikimwomba rafiki awashe kamera anasema hospitali hawaruhusu. Nifanyeje, sitaki kumpoteza.

JIBU: Kaka yangu pole, na pole hasa kwa upweke maana naona ndo uliokuingiza hapo na upweke sio kosa. Usitume hata shilingi. Hakuna mzigo, hakuna daktari, na huyo wakala na huyo rafiki yako wanakula sahani moja. Ona wanavyokukimbiza, leo leo, sasa hivi, utashtakiwa, mtu anayekujali hakuwekei saa kichwani, na rafiki wa miezi miwili ambaye hajawahi kuonyesha uso hata jikoni kwake saa moja jioni hana uso wa kuonyesha. Namba ya huyo wakala itume kwenda 15040, ndo namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania. Piga picha hizo chati zote usizifute, peleka polisi, tuna sheria ya makosa ya mtandao toka mwaka 2015. Na usinyamaze kwa aibu, mwambie hata ndugu mmoja, maana wakishajua umenyamaza watarudi kwa jina lingine. Ulichokuwa unakitafuta wewe ni cha kweli kaka, mtu wa kuongea naye jioni ukifunga duka. Kitafute, ila kwa watu ambao mtu mwingine unayemjua anawajua.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, yuko kwenye gemu la kwenye kompyuta usiku kucha, amevaa hedifoni anaongea Kiingereza na watu, nikimwambia tafuta marafiki anasema mama hawa ndo marafiki zangu. Nimemnyang'anya kompyuta mara mbili. Shule anaanza kushuka. Hivi huo ni urafiki? Mama wa Arusha.

JIBU: Mama mwenzangu, nikusimulie habari ya kijana mmoja wa Norway, Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa unaokula misuli, Duchenne, akawa wa kiti cha magurudumu toka utotoni, mwisho anaweza kusogeza vidole tu. Alikuwa anacheza gemu moja, World of Warcraft, masaa na masaa. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25, na wazazi wake walilia vitu viwili, walilia mtoto na walilia kwamba mtoto ameishi peke yake bila rafiki. Alikuwa amewaachia neno la siri la ukurasa wake wa mtandaoni alipokuwa anaandika habari zake. Baba yake akaingia akaandika mwanangu amefariki, akaweka anwani yake ya imeili. Zikaanza kuingia. Moja, mbili, nyingi, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, watu wanaandika jinsi kijana wao alivyowasaidia, alivyowasikiliza. Walichangishana kwenye kundi lao la gemu ili wasio na nauli wapate, kama sisi tunavyopitisha daftari, na baadhi wakafika Oslo kumzika.

Na kuna hili ambalo nataka ulisikie wewe kama mzazi. Katika marafiki hao kulikuwa na binti wa Uholanzi ambaye wazazi wake walimnyang'anya kompyuta kwa sababu ya masomo, kama wewe. Mats aliwaandikia wazazi wale barua, kuwaeleza kwa nini mchezo ule na watu wale ni muhimu kwa binti yao na kuwaomba watafute namna ya kumwachia acheze na masomo yake yaende. Kijana asiyeweza kuinua mkono wake mwenyewe alikuwa anamtetea rafiki kwa wazazi wake.

Sisemi mwanao aachiwe usiku kucha, la hasha. Miaka 16 anatakiwa alale, na shule ikishuka kuna kitu lazima kibadilike, wekeni masaa, siku za shule mwisho saa tatu usiku, mkubaliane na yeye akiwepo. Ila kabla hujamnyang'anya mara ya tatu vuta kiti ukae pembeni yake saa moja. Muulize huyu anayeongea ni nani, anaishi wapi, mmejuana lini, ana umri gani. Hilo la umri ulisikilize vizuri, mtu mzima anayetaka siri na mtoto wa miaka 16, anayemwambia usimwambie mama, huyo ni wa kukatwa siku hiyo hiyo. Ukisikia ni watoto wenzie wanacheka wanaulizana mtihani ulikuwaje, ujue umekaa barazani kwao, maana kijiwe chao ndo hicho. Wazazi wa Mats walikuwa nyumba moja naye miaka yote na marafiki zake wamewajua baada ya mazishi. Wewe mwanao yuko chumba cha pili.

SWALI: Assalam aleikum Anti. Niko Muscat, Oman, nafanya kazi za ndani, mwaka wa nne huu. Nina rafiki tulikutana kwenye grupu la wasichana wa Kitanzania tulio huku, yeye yuko Salalah, hatujawahi kuonana kwa sababu ya umbali na ruhusa. Alikuwa ananiamsha Ramadhani na voisi noti kila daku. Toka miezi miwili iliyopita kimya, tiki moja tu, namba haipatikani. Sijui kanibloku, sijui kabadilisha laini, sijui yuko hai. Sina wa kumuuliza. Naona hata aibu kulia kwa mtu nisiyemjua.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza lia, huyo unamjua, mtu aliyekuamsha daku miaka ni mtu wako.

Hapa ndo urafiki wa simu una jeraha ambalo ule wa mtaani hauna. Mtaani jirani akinyamaza utaona mlango umefungwa, utamuuliza mwenye nyumba, utasikia kilio. Kwenye simu kuna tiki moja tu, na tiki moja haikwambii kitu. Inaweza kuwa simu imechukuliwa, imeanguka, mkataba umeisha amerudishwa nyumbani haraka, mambo hayo huko mnayajua kuliko mimi. Usianze na la kukubloku, mtu aliyekuwa anakuamsha kila daku hatoki hivyo.

Fanya hivi. Mwandikie admini wa grupu inboksi, umwombe aangalie nani alimuunga mle ndani, maana mara nyingi aliyemuunga anamjua kwa sura au anatoka kwao. Kama aliwahi kukutajia kijiji au jina la kaka yake au shule aliyosoma, kaa chini uandike kila kitu unachokumbuka, Tanzania ni kubwa lakini ukiwa na kijiji na jina la baba utafika. Na kama kuna siku alikuambia anateswa au amenyang'anywa pasipoti usisubiri, peleka habari ubalozi wetu hapo Muscat, waambie jina na mji.

Na wewe mwenyewe leo kabla hujalala, chukua namba za watu wawili watatu unaoongea nao kila siku kwenye simu, mwandikie mama yako au mdogo wako kule nyumbani, umwambie hawa ni watu wangu, lolote likinikuta wapigie. Uwaombe na wao wafanye hivyo hivyo. Wazazi wa Mats walipata kuwajulisha marafiki wa mwanao kwa sababu ya neno la siri moja tu. Mimi barua zangu za Tanga zilikuwa kwenye kasha la mama chini ya kitanda na anwani iko nyuma ya bahasha, mtu yeyote wa nyumbani angeweza kuiona. Za kwenye simu hakuna anayeziona ila wewe.

Ukipata habari yake niandikie, iwe nzuri iwe mbaya. Na huyo wa Morogoro naye aniandikie Januari.